Kabla ya kuuza nyumba Nakuru: pesa zangu zilizopotea na zile zilizorudi

Mwalimu Mstaafu

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Mwezi uliopita nilikamilisha kuiuza nyumba yangu ya vyumba vitatu vya kulala huko Lanet, pembezoni mwa jiji la Nakuru, nyumba niliyoijenga kwa mikopo ya chama cha akiba na kuishi ndani yake na mke wangu kwa miaka 19. Sasa tumerudi nyumbani Vihiga. Kazi ya kuuza ilituchukua miezi 14, na kabla ya mnunuzi kupatikana walikuja watu 11 wakatazama wakaondoka. Kwa kuwa miaka ya ubaoni haimtoki mtu, kila aliyekuja niliandika katika daftari swali lake la kwanza, mahali alipokawia kusimama, na neno alilolisema akiaga. Naliweka daftari hilo hapa kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kuuza, kwa sababu nilitumia pesa nyingi mahali pasipostahili kabla sijajifunza kukisoma nilichokuwa nikikiandika mwenyewe.

Kosa langu lilianzia jikoni. Dalali alinishauri niing'arishe nyumba, nami nikamwita fundi seremala, akang'oa kabati za zamani na kuweka mpya za rangi ya kahawia iliyokolea, juu yake kibao cha graniti. Zilinigharimu shilingi 260,000. Mke wangu aliniuliza kama nyumba ile tunaiuza au tunaioa, nikacheka, nikaendelea. Katika wale 11, mmoja tu ndiye aliyezigusa kabati hizo, tena alizifungua ili atazame kama bomba la sinki linavuja.

Swali la kwanza la watu tisa kati ya 11 lilikuwa la maji. Wanaotoka mbali hawalijui jambo hili, lakini mkazi wa Nakuru analijua tangu utotoni: maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini mengi ya floraidi, na ndiyo yanayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuyachemsha maji hakuiondoi floraidi hata kidogo. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Kwa hiyo mnunuzi mwenye watoto wadogo haulizi tu kama bomba linatoa maji. Anauliza maji hayo yanatoka wapi, yanakuja siku ngapi kwa wiki, na familia hunywa yapi. Mimi nilikuwa na mita ya kampuni ya maji na tangi moja la lita 1,000 lililochakaa, basi. Jibu langu lilikuwa la kubabaika, na niliona nyuso zikibadilika.

Baada ya mgeni wa sita niliamua kuacha urembo. Niliweka gata mpya pande zote za paa, nikajenga jukwaa la mawe, na nikanunua tangi la lita 5,000 la maji ya mvua. Hesabu yake niliwaonyesha wageni waliofuata kama nilivyokuwa nikiwaonyesha wanafunzi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 120, jioni moja ya mvua ya milimita 20, linamwagikiwa na lita 2,400, na hata ukitoa zile zinazopotea, tangi hujaa kwa mvua chache za Aprili. Kisha nilipeleka maji ya bomba na ya tangi kupimwa maabara, nikayabandika majibu ndani ya mlango wa stoo. Kazi yote hiyo haikufikia nusu ya gharama ya kabati, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu na wageni yalianza kurefuka.

Jambo la pili lililowafukuza watu lilikuwa rangi iliyobanduka chini ya kuta za sebule, kiasi cha sentimita 40 kutoka sakafuni. Niliipaka upya mara mbili, na mara zote mbili ikarudi. Nawaomba mafundi walio humu waeleze kwa nini, kwa maana mimi nilielezwa nikiwa nimechelewa.

Fundi Rangi

Mwalimu, shikamoo. Umelitaja tatizo linalonilisha mimi na linalowaumiza wateja. Rangi ikibanduka chini ya ukuta huku juu ikiwa nzima, ugonjwa hauko katika rangi. Ukuta unanyonya maji kutoka ardhini au kutoka nje, maji yanapanda na chumvichumvi yake, yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka na kuiacha ile chumvi nyeupe inayosukuma rangi na plasta. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, umeufungia unyevu ndani, na miezi mitatu baadaye utaona mapovu.

Anza nje. Nyumba nyingi ninazoitwa kuzitibu zina kosa moja: mwenye nyumba alimwaga saruji au kupanga matofali ya njia kando ya ukuta, na mteremko ukaelekea ndani badala ya nje, au alipanda maua yanayomwagiliwa kila jioni huku udongo ukiwa umepanda juu kuliko sakafu. Shusha udongo, geuza mteremko, rekebisha gata zinazomwagia ukutani. Baadaye gonga plasta yote iliyooza hadi kwenye jiwe, uache ukuta upumue kwa wiki kadhaa wakati wa kiangazi, kisha upige plasta mpya na uiache ikomae angalau siku 28 kabla ya rangi. Hapo watu wengi wananikatalia, kwa sababu mnunuzi anakuja Jumamosi.

Nami nawaambia waziwazi: ikiwa mnunuzi anakuja Jumamosi, ni heri umwonyeshe ukuta uliogongwa ukiwa wazi na umweleze unaukausha, kuliko kumwonyesha rangi ya juzi. Pua ya mtu haidanganyiki. Akinusa rangi mbichi katika chumba kimoja tu cha nyumba nzima, atajiuliza kilichofichwa humo ni nini, na bei ataishusha kwa kiasi cha hofu yake, ambayo siku zote ni kubwa kuliko gharama ya fundi.

Kuhusu rangi yenyewe, sitawachosha. Nyeupe iliyochanganywa na manjano kidogo, ya aina inayooshwa kwa kitambaa, ndani kote. Vumbi la Nakuru la Januari na Februari halipendi kuta nyeupe kabisa, na si bure watu husema jina la mji huu linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Binti wa Kano

Nawashukuru, lakini naomba msichukulie kila kitu cha Nakuru kuwa ndicho cha Kisumu. Huku kwetu mnunuzi akishuka garini hutazama vitu viwili: udongo na madirisha.

Udongo kwanza. Kuanzia Nyamasaria kuelekea uwanda wa Kano, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi huuita blakikotoni. Ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi kufikishwa kwenye ardhi ngumu hupanda na kushuka kila msimu. Ishara yake haifichiki: milango hukwama wakati wa mvua na kufunguka vizuri wakati wa jua, na nyufa hukata kona za madirisha kwa mshazari. Mtu anayeuza nyumba ya namna hii akiziba nyufa kwa saruji na kupaka rangi, zitarudi kabla hajalipwa salio, na pengine mambo yataishia mahakamani. Ninachowashauri watu wangu ni kumlipa mhandisi aitazame nyumba na aandike ripoti fupi inayosema ufa upi ni wa plasta tu na upi ni wa msingi. Vilevile waangalie miti. Mkaratusi ulio mita chache kutoka ukutani hunyonya maji ya udongo huo wakati wa kiangazi, na upande ule wa nyumba ndio huzama kwanza. Lakini msiukate ovyo, kwa sababu udongo ulioachwa ghafla na mizizi huvimba tena. Muulizeni yuleyule mhandisi kabla ya kushika shoka.

Madirisha nayo. Kisumu joto la mchana mara nyingi hukaribia nyuzi 30 au huzipita, na usiku mbu hawana huruma. Nyumba yenye matundu ya hewa yaliyozibwa na magazeti, dari ya chini na pazia nzito humchosha mgeni kabla hajafika chumbani. Sisi tulipouza nyumba ya shangazi kule Mamboleo tulifungua matundu yote, tukayawekea wavu mpya pamoja na madirisha, tukang'oa dari iliyokuwa na madoa ya popo tukaweka nyingine, na tukawaita wageni saa tisa alasiri, wakati upepo wa ziwa unapovuma. Dalali alitaka waje saa tatu asubuhi. Nilimwambia asubuhi kila nyumba ina ubaridi.

Walio karibu na maji, kama vile Dunga na Nyalenda ya chini, wajiandae kuulizwa kuhusu mwaka 2020, ambapo Ziwa Victoria lilipanda kuliko watu wengi walivyowahi kuona maishani. Msidanganye. Picha za mwaka ule bado ziko katika simu za majirani.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, umenikumbusha jambo. Nakuru nako hatuna udongo mweusi mwingi, lakini ardhi yetu ni majivu ya volkano, na maji yakikusanyika mahali pamoja huweza kuichimba kimyakimya hadi shimo likafunguka. Wageni wawili wa Lanet waliniuliza maji ya mvua ya kiwanja huelekea wapi, na nilipowaonyesha mtaro uliojaa takataka waliaga upesi. Tuliuzibua na kuujengea kingo. Na kila aliyewahi kusikia habari za Mwariki, ambako Ziwa Nakuru lilizifuata nyumba za watu hadi ndani, huuliza umbali wa ziwa hata ukiwa kilimani.

Mwana wa Migosi

Wazee wangu na dada zangu, naomba msaada wa haraka. Baba yetu aliaga dunia mwaka jana na kutuachia nyumba Migosi, hapa Kisumu. Sisi ni ndugu watano, tumeelewana tuiuze. Paa ni la zamani, la asibestosi. Nimeshapata fundi wa kulivunja na kuweka mabati ya rangi kwa bei nzuri, na mnunuzi yuko tayari kutoa malipo ya awali mwezi huu. Je, nianze na paa au na rangi?

Karani wa Wakili

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Kwa heshima zote, usianze na paa wala rangi, na malipo ya awali usiyapokee.

Nyumba ya marehemu haiuzwi kwa makubaliano ya ndugu peke yake. Sheria ya Urithi ya Kenya inataka mmoja wenu au zaidi apewe na mahakama hati ya kusimamia mali, kisha hati hiyo ithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi sita tangu kutolewa. Kabla ya uthibitisho, hata msimamizi halali haruhusiwi kuuza mali isiyohamishika, na mtu anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa la jinai. Mnunuzi wako akiwa na wakili mzuri atalijua hilo katika siku ya kwanza. Akiwa na wakili mbaya, mtalijua wote pamoja baadaye.

Naomba ruhusa ya kuendelea kidogo, kwa maana katika uzi huu watu wanazungumzia kuta wakati karatasi ndizo huchelewesha mauzo mengi ninayoyaona. Mwenye nyumba aliye hai naye ana kazi ya kufanya kabla ya kumwita dalali. Afanye upekuzi rasmi wa hatimiliki yake mwenyewe. Wengine hugundua hapo kwamba benki iliyolipwa zamani haijawahi kuondoa rehani katika sajili. Alipe madeni ya kodi ya ardhi ya kaunti na kuchukua cheti cha kutodaiwa, na ikiwa ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, apate pia cheti cha pango la ardhi. Ikiwa nyumba ni makao ya familia, mume au mke atoe idhini yake kwa maandishi, kama Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inavyotaka. Na ikiwa kiwanja bado kimesajiliwa kama shamba, jambo la kawaida sana katika viunga vya Nakuru na Kakamega, kuna idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo ombi lake lapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Ukiyaweka haya yote katika faili moja mezani, umeongeza thamani kuliko graniti ya Mwalimu, anisamehe.

Kuna na kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida unayoipata ukiuza mali. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida halisi, na mlipaji ni muuzaji. Mtu aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha husamehewa, kwa hiyo Mwalimu hakuguswa. Wenye nyumba za kupangisha ndio wanaopaswa kunisikiliza: gharama za kuiboresha nyumba hupunguzwa katika kuhesabu faida, ilimradi uwe na ushahidi wake. Ile gata, lile tangi na ule mtaro ni shilingi ulizotumia, na bila risiti ni hadithi. Fundi asiyetoa risiti kwa sababu eti bei itapanda anakupunguzia shilingi mia na kukupotezea maelfu.

Fundi Rangi

Na hilo paa la asibestosi, kijana, ninakusihi. Nyuzi zake zikivutwa mapafuni hukaa humo, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Halivunjwi kwa nyundo na kutupwa kwenye mtaro. Kuna utaratibu wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na watu wenye leseni ya kuliondoa, kulifunga na kulizika mahali palipoidhinishwa. Fundi wa bei nzuri atavunja mchana mmoja, na vumbi lake litakaa na majirani na watoto wao. Kama halina nyufa, usilitoboe wala kulisugua. Liache lilivyo, umweleze mnunuzi, mkubaliane katika bei nani atagharamia uondoaji.

Mwana wa Migosi

Nimewasikia. Nilikuwa nimekubaliana na fundi aanze Jumatatu; nimempigia simu sasa hivi. Mnunuzi nimemwambia kuhusu mahakama, naye amenijibu kwamba wakili wake alikuwa amekwisha kumuuliza swali hilohilo na yeye alikuwa akisubiri kuona kama nitalitaja. Amesema atangoja. Lakini katika miezi hiyo nyumba itakaa tupu. Nifanye nini isiharibike?

Binti wa Kano

Nyumba tupu Kisumu huoza upesi kuliko yenye watu. Mtafuteni ndugu mmoja alale humo, afungue madirisha kila siku na kumwaga maji katika kila choo na sinki, kwa sababu maji ya kwenye kona ya bomba yakikauka harufu ya shimo hupanda ndani na mende huifuata. Umeme msiukate, mnunuzi hupenda kuwasha taa mwenyewe, swichi kwa swichi. Nyasi zikatwe. Mchwa watazamwe kwenye fremu za milango kila mwisho wa mwezi, kwa kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza panapotoa sauti ya utupu. Vyombo vya marehemu ambavyo familia imekwisha kukubaliana kuviondoa viondoeni kwa utaratibu, na picha za ukutani mzihifadhi kwa mama. Msifanye zaidi ya hapo hadi hati itoke.

Mama wa Njoro

Mwalimu, umetueleza wageni 11 walioondoka. Yule wa 12 alinunua kwa sababu gani?

Mwalimu Mstaafu

Mama, alikuja bila kutoa taarifa, mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha. Alikuwa muuguzi, amefuatana na mama yake mzazi. Walisimama barazani karibu nusu saa wakitazama maji yanavyotoka kwenye gata na kuingia tangini, na yale ya kiwanja yanavyoufuata mtaro hadi barabarani. Waliingia ndani viatu vikiwa mkononi. Yule mama mzee aliweka kiganja chake chini ya ukuta wa sebule, pale pale pa sentimita 40, akakiacha hapo kwa muda, kisha akamwambia binti yake kwa Kikalenjin neno ambalo sikulielewa. Mke wangu alitoa chai na faili. Bei niliyotaka walishusha kwa asilimia nne tu, na sababu waliyonipa ilikuwa ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha umiliki, ambao mjini mnunuzi hulipa kwa kiwango hicho hicho.

Wiki iliyopita muuguzi huyo alinipigia simu akaniuliza, kwa adabu sana, kama ningependa kuchukua kabati zangu za jikoni, kwa sababu mama yake anazitaka nyeupe na seremala anakuja Alhamisi. Nilikodi pikapu kutoka Nakuru. Ziko hapa Vihiga stoo, tumehifadhia mahindi.